Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Kwanza kabisa hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu tulioanza nao mwaka 2015 chini ya mwembe, na leo hawapo. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Pili, tunakushukuru wewe Mgeni Rasmi kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa na akina mama. Karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, habari za hisa, mikopo na mgao wa miaka yote kumi zimo katika taarifa ya Mtunza Hazina, kwa hiyo sisi hatutazirudia. Tumepewa nafasi ya kusema jambo moja, na jambo hilo ni juu ya kompyuta na kazi zetu za kujiajiri. Tunajua wapo watakaoguna. Mwenyekiti ni mama wa darasa la saba, hamsini ameshaipita, yeye na kompyuta wapi na wapi? Ni kweli. Na humu ndani wengi wetu ni wa darasa la saba. Ndiyo maana tunataka kulisema sisi, asije akalisema mtaalamu tukashindwa kulielewa.

Tuanze na sanduku. Wote mnalijua. Sanduku letu la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu wasiolala nyumba moja. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, hata Mwenyekiti. Fedha zikihesabiwa, zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Utaratibu huu wa vikundi hatukuubuni sisi. Ulianzia nchi ya Niger, eneo la Maradi, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini. Ukasambaa Afrika, na huku kwetu ukaja kuitwa VICOBA. Wengi wa akina mama wale wa Niger hawakujua kusoma, lakini walijua jambo moja: fedha isiyoonekana na wote huleta ugomvi.

Sasa tuseme yaliyotupata mwaka 2019. Wapo waliotushauri tuyapite kimya kwa sababu leo ni sherehe. Tumewashukuru, lakini tutayasema, maana kijitabu hiki ni cha kumbukumbu.

Mwaka ule tulinunua kompyuta mpakato ya mtumba kwa fedha za kikundi. Fundi aliyetuuzia alituwekea programu zote za ofisi, akasema hizo ni zawadi kwa mama zake. Kumbe zilikuwa za kunakili, zile ambazo vijana huziita kraki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli. Sisi hatukuuliza. Tulifurahi. Tukaona tumeendelea, tukaweka daftari kubwa kabatini, tukahamishia hesabu zote ndani ya mashine. Miezi minane hatukuligusa daftari.

Mwezi wa Novemba, wiki tatu kabla ya mgao, Mtunza Hazina akaiwasha kompyuta akakuta mafaili yote hayafunguki. Kila faili limebadilishwa jina, na pana barua ya Kiingereza inayodai dola ndipo tufunguliwe. Baadaye tulielezwa kwamba ugonjwa wa aina hii ulienea sana mwaka ule, na njia yake kubwa ilikuwa kraki hizo hizo. Yaani mwizi tulimkaribisha wenyewe, tukampa na kiti.

Jamani, tuseme ukweli. Maneno yalianza jioni ile ile. Eti Mtunza Hazina amekula. Eti amezifuta hesabu makusudi. Eti mumewe juzi ameezeka bati jipya, fedha katoa wapi? Kikao kilichofuata alikuja akakaa kwenye benchi la pembeni, na benchi lile halikupata mtu wa pili. Sisi viongozi tuliona. Tukanyamaza.

Kwa wiki tatu tulikaa kila jioni sebuleni kwa Katibu, tukakusanya vitabu vyote 28 vya wanachama, tukahesabu hisa muhuri kwa muhuri, tukasoma na meseji za simu za wale waliolipa kwa mtandao. Hesabu ikakaa sawa, isipokuwa pungufu la shilingi 184,000. Hapo maneno yakawa makubwa zaidi, maana sasa lilikuwepo na pungufu la kuonyesha kwa kidole.

Siku mbili kabla ya mgao, mwenzetu mmoja akasimama mwenyewe akasema: jamani, hizo si zile mlizonipa msibani? Na kweli. Mwezi wa Agosti alifiwa usiku, tukafungua sanduku kwa dharura, tukamkopesha shilingi 184,000. Kitabu chake hakikuwa mkononi. Mkopo uliandikwa kwenye kompyuta tu. Walioidhinisha usiku ule ni sisi viongozi wenyewe, na tukasahau. Fedha tuliyokuwa tukiitafutia mwizi tuliitoa kwa mikono yetu.

Mgao ulifanyika, vigelegele vikapigwa, kila mtu akaenda kwake. Tutalirudia jambo hili mwishoni, kwa sababu halijaisha.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya hapo wengi walisema kompyuta iuzwe turudi kwenye daftari. Tulikuwa karibu kuiuza. Ndipo binti wa mwanachama mwenzetu, aliyekuwa amemaliza chuo, akaja na flashi moja akasema: mama zangu, mashine haina kosa, tatizo ni mlichowekewa ndani. Akafuta kila kitu, akaweka mfumo uitwao Linux Mint na programu ya ofisi iitwayo LibreOffice. Tukamwuliza bei. Akasema hakuna bei. Tukashtuka! Tulikuwa tumetoka kuumwa na zawadi, na sasa tunaletewa zawadi nyingine. Mama mmoja akamwuliza waziwazi, cha bure hiki kina nini ndani?

Jibu lake tunalikumbuka mpaka leo. Alisema Kiswahili chetu kina bahati, kinayo maneno mawili pale ambapo Waingereza wana moja. Kuna kitu cha bure na kuna kitu huru. Kraki ni ya bure lakini si huru, kwa sababu ni mali ya mtu iliyoibwa, na hujui aliyeivunja ameacha nini humo. Programu hizi ni huru, au huria kama wataalamu wanavyosema. Una ruhusa kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua uone ilivyotengenezwa, kuirekebisha, na kumpa mwenzio nakala bila kuitwa mwizi. Mshonaji wetu akaelewa mara moja. Akasema ni sawa na mtu kukuuzia gauni, na mtu kukupa gauni pamoja na karatasi ya kukatia, akakuruhusu ukate mengine na umfundishe jirani.

Na watengenezaji wake ni akina nani? Binti alitupa historia fupi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo huru wa kompyuta. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini kiitwacho Linux, na watu wa nchi nyingi wakachanga kazi zao. Mwaka ni ule ule 1991 wa akina mama wa Maradi. Huku wanachanga fedha, kule wanachanga kazi. Mfumo wetu wa Mint umejengwa juu ya mwingine uitwao Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ni lile lile neno letu, utu.

Hata LibreOffice ina kisa kinachofanana na vya vikundi. Zamani ilikuwa OpenOffice, ambayo kampuni ya Sun iliifungua kwa watu wote mwaka 2000. Mwaka 2010 Sun ikanunuliwa na kampuni nyingine. Wachangiaji wakaona mambo hayaeleweki, wakachukua kazi yao, ruhusa wanayo, wakaendelea nayo kwa jina jipya. Ni kama kikundi ambacho mfadhili wake ameondoka, wanachama wakabeba sanduku lao wakaendelea na kikao.

Hata Kiswahili chetu kiliwahi kuingia humo. Mwaka 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Toleo lile limeshapitwa na wakati. Tunalitaja kwa fahari, na pia kwa fundisho: kitu huru hakifi kwa amri ya mtu, lakini kinachakaa kisipopata wa kukitunza.

Basi sasa tuwaeleze kazi zinavyokwenda, kwa sababu faida haikuishia kwenye vitabu vya kikundi. Iliingia katika biashara za wanachama, hawa wanaofanya kazi zao wenyewe bila mwajiri.

Mwenzetu wa mapishi alikuwa anapokea kazi za sherehe. Siku moja alikuja na furaha, amepika sahani 100 kwa shilingi 6,000 kila moja, jumla 600,000, na sokoni alitumia 395,000. Kwa hesabu ya kichwani amebakiwa na 205,000. Tukamwambia hebu kaa hapa tuiandike kwenye jedwali la Calc, iliyomo ndani ya LibreOffice. Gesi na mkaa 35,000. Usafiri 40,000. Wasaidizi wanne kwa 15,000, jumla 60,000. Kukodi vyombo 50,000. Mashine ikajumlisha yenyewe: matumizi ni 580,000. Faida ya siku mbili za kusimama jikoni ni shilingi 20,000. Mama wa watu alinyamaza kimya. Kumbe alikuwa anawalipa wasaidizi wake vizuri kuliko alivyojilipa yeye. Jedwali lile hakulifuta. Kila kazi mpya anabadilisha namba tu, na hatoi bei mpaka ajione na yeye yumo ndani, mstari wake umeandikwa "Mpishi". Wateja wengine wamemkimbia. Waliobaki wanamlipa.

Mwenzetu wa kadi za harusi na za michango anatumia Inkscape kuchora na GIMP kusafisha picha. Zamani alikuwa anapeleka maandishi steshenari, anachorewa, analipia, mteja akitaka kubadilisha jina la ukumbi analipia tena. Sasa anachora nyumbani usiku watoto wakilala, anamtumia mteja kwa simu aone, wakikubaliana ndipo anapeleka faili la PDF kwenda kuchapwa. Kijitabu hiki mlichokishika pia amekipanga yeye, kwa programu nyingine huria iitwayo Scribus. Mkikuta herufi imeruka, mlaumuni taratibu.

Yupo na wa tatu, anayechapa nyaraka na kuandika mihtasari ya vikao vya watu. Huyu alipata shida kubwa mwanzoni. Barua ilikuwa nzuri kwake, ikifika kwa mteja mwenye programu nyingine jedwali limehama na herufi zimevimba. Mteja mmoja alimrudishia kazi akasema ni ya kienyeji. Akajifunza kuuliza kabla ya kuanza: unataka ya kusoma tu au ya kuendelea kuirekebisha? Ya kusoma anatuma PDF, haihami. Ya kurekebisha anaihifadhi katika muundo wa Word, na kabla ya kuituma anaifungua kwenye kompyuta ya mtu mwingine aione. Nukuu ya bei, ankara na risiti amezitengenezea fomu tatu, anajaza jina, tarehe na kiasi basi. Anasema tangu aanze kutoa ankara iliyochapwa, watu wanaomwambia "nitakuona wiki ijayo" wamepungua. Karatasi ina tarehe, na tarehe haioni haya.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikuwa chepesi. Tulijaribu GnuCash, programu ya uhasibu kamili, ya kuandika kila fedha mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda. Ni nzuri, lakini ilitushinda. Baada ya miezi miwili tulirudi kwenye jedwali la Calc ambalo kila mwanachama anaweza kulisoma. Programu ambayo mtu mmoja tu anaielewa ni sanduku lenye kufuli moja, hata kama ni huria. Printa ya zamani ilikataa kuongea na mfumo mpya, ikabidi tuiuze. Wanachama wengine walitaka programu fulani walizozoea, na hazipo huku.

Wala msidhani cha huru hakina gharama. Tulimlipa binti yule nauli na chakula, halafu tukaamua tumlipe na kazi yake, maana programu ni bure lakini jasho la mwalimu si bure. Kuna umeme. Kuna bando la intaneti la kupakua masahihisho. Kuna muda: sisi wengine tulichukua mwezi mzima kuizoea kipanya, kishale kinakimbia kama panya wa kweli. Asiyekuwa tayari kujifunza asije akasema tumemdanganya.

Jambo jingine la wakati huu. Mwezi wa Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masahihisho kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazina uwezo wa kupokea mfumo unaofuata. Mashine isiyopata masahihisho ni nyumba ambayo komeo lake likilegea hakuna fundi wa kulikaza. Ndugu zetu wenye ofisi, kabla hamjazitupa mashine hizo, tuiteni. Nyingi kati yake Linux inaziamsha zikafanya kazi miaka mingine.

Ndugu wanachama, kutokana na yale ya 2019 tuliweka masharti matatu, na tunataka yabaki hata uongozi ukibadilika. Kila hesabu iwe na nakala tatu. Ya kwanza ipo kwenye kompyuta. Ya pili ipo kwenye flashi inayolala nyumbani kwa Katibu, nayo haichomekwi kwenye mashine nyingine yoyote. Ya tatu ni karatasi iliyochapwa kila kikao, ikasomwa kwa sauti, ikasainiwa na watu watatu. Na mkopo wa dharura, hata ukitolewa msibani saa nane za usiku, uandikwe kwenye karatasi pale pale na aliyeutoa asaini. Mnaona tulikofika? Kufuli tatu zile zile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejifunza kwamba na daftari nalo linataka daftari.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatuombi mashine mpya. Tuna maombi mawili. La kwanza, chumba kimoja chenye umeme pale ofisi ya kata, siku mbili kwa wiki, ili vijana na akina mama wa vikundi vingine waje tuwafundishe tulichofundishwa. Programu tutawapa sisi, ruhusa tunayo. La pili, ofisi zinazotupa kazi zipokee nukuu na ankara zetu kama za wafanyabiashara wengine, na zilipe kwa wakati. Mama aliyejiajiri hana mshahara wa kungojea mwisho wa mwezi.

Sasa tumalizie lile tulilosema halijaisha.

Mama Mtunza Hazina, tunakuomba usimame. Miaka sita imepita. Uliendelea kuja vikaoni, ukaendelea kuhesabu fedha za watu waliokuita mwizi, na hujawahi kumdai mtu neno. Ulikuwa wa kwanza kujifunza programu mpya, ukasema unataka hesabu ambayo kila mtu ataiona ili asipatikane mwingine wa kukaa benchi la pembeni. Siku ile ya mgao tuligawana fedha tukakunyima haki yako. Tulikusafisha kimyakimya, ilhali tulikuchafua hadharani. Leo hadharani, mbele ya Mgeni Rasmi, mbele ya mumeo na watoto wako, na kwa maandishi ndani ya kijitabu hiki ili wajukuu wasome: hukuchukua hata senti. Fedha tuliitoa sisi viongozi, tukasahau, tukanyamaza. Tunakuomba radhi.

Wanachama wenzetu, kila aliyesema neno mwaka ule anajijua. Chai ikianza, mfuateni mmpe mkono, mmoja mmoja.

Baada ya kusema hayo machache, tunawatakia nyote sherehe njema na miaka mingine kumi yenye hesabu zilizo wazi.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya wanachama wote.